Biti 24 si za masikio yako

Kila nikisema kwamba ninahamisha santuri kwenda kwenye kompyuta kwa biti 24 na 96 kHz, napata majibu ya aina mbili. Wa kwanza hucheka: "Kitu kinakwaruza namna hiyo, unataka ubora wa juu wa nini? Weka MP3 tuendelee na maisha." Wa pili ni wale wenye vifaa vya bei, ambao huniuliza kwa huruma kwa nini nimeishia 96 ilhali kadi yangu ya sauti inafika 192. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja kwenye ngazi za ploti, basi leo niwajibu kwa pamoja.

Msimamo wangu ni huu. Biti 24 na 96 kHz ndicho kipimo sahihi, lakini masikio hayahusiki sana. Sababu yangu ni kwamba santuri huliwa kidogo na sindano kila inapochezwa, na kwa muziki wetu mara nyingi hakuna mkanda wa studio uliobaki nyuma yake. Ile sahani nyeusi ndiyo asili. Unapata nafasi chache za kuinasa vizuri, na nyumba inayoihifadhi huenda isiwepo mwaka kesho.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hudanganywa.

Chuoni tulifundishwa nadharia ya sampuli ambayo Claude Shannon aliiandika vizuri mwaka 1949: ili kunasa masafa fulani, unahitaji sampuli zaidi ya mara mbili ya masafa hayo kwa kila sekunde. CD huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo inanasa hadi karibu 22 kHz. Sikio la mtoto mwenye afya huishia 20 kHz. Langu, nikikaribia miaka 30 na baada ya kukalia kiti cha nyuma cha matatu za Buruburu tangu shule ya upili, sidhani kama linavuka 16. Kila biti nayo inakupa desibeli 6 hivi za nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Biti 16 zinakupa 96. Santuri nzuri, safi, iliyochapwa vizuri, ina 60 hadi 70. Kwa hiyo kwenye karatasi CD inaimeza santuri na kubaki na nafasi. Anayekwambia kwamba anasikia biti ya 20 kwenye santuri, mpe chai, mwachie aongee.

Sasa kwa nini nisitumie biti 16 nikalale?

Weka santuri ya tamasha kwenye gramafoni uone. Mimi nimejifunzia kazi hii kwa Osibisa, *Black Magic Night*, santuri mbili za tamasha lao katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, zilizotoka 1977. Nakala yangu niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Umoja. Wasiowajua Osibisa: ni bendi iliyoundwa London mwaka 1969 na Waghana Teddy Osei, Mac Tontoh na Sol Amarfio pamoja na vijana wa Karibiani, wakachanganya ngoma za Afrika Magharibi na jazi na roki kabla mtu hajapata jina la kuuita mchanganyiko huo. (Na nisisahau: hiyo ni jazi ya saksafoni na kupokezana kupiga peke yako. Kwetu neno hilo kwenye jina la bendi, kama Morogoro Jazz, lilimaanisha tu kwamba utacheza mpaka asubuhi.)

Kwenye santuri ya studio, fundi ameshakusawazishia sauti. Kwenye ya tamasha, dakika moja kuna filimbi na ngoma ndogo, dakika inayofuata bendi nzima imeingia na ukumbi umelipuka. Hujui kilele kiko wapi mpaka kifike. Ukirekodi kwa biti 16 unajikuta unasukuma sauti juu ili usipoteze nafasi, kisha tarumbeta zinapita kikomo na faili inakatwa kichwa. Sauti iliyokatwa kichwa hairudi. Inabidi ucheze upya, na sindano inapita tena mle mle. Kwa biti 24 naweka kiwango chini, vilele vikae karibu desibeli 10 chini ya kikomo, naondoka, najua hata ukumbi ukipasuka nina nafasi. Nikizitupa hizo desibeli 10 bado nimebaki na nyingi kuliko santuri inavyoweza kujaza. Basi. Hiyo ndiyo siri yote ya biti 24: ni bima ya kutocheza mara ya pili.

96 kHz nayo ina sababu yake, na tena si masikio. Ni mikwaruzo. Ule mlio wa "tik" wa kovu kwenye mfereji ni mfupi mno, chini ya milisekunde moja mara nyingi, na nguvu yake inasambaa hadi masafa ya juu kabisa ambako muziki umeshakwisha. Ukirekodi kwa 96 unaiona tik imesimama peke yake huko juu, na programu inaikamata kwa urahisi. Kwa 44.1 imeshachujwa na kunenepeshwa, imefanana na muziki. Ukimaliza kusafisha, teremsha nakala ya kusikiliza hadi 44.1 ukitaka. Hakuna polisi.

192? Hapana. Juu ya 48 kHz kwenye santuri ya kawaida unanasa kelele za sindano na za kadi yako mwenyewe. Biti 24 kwa 96 kHz, chaneli mbili, ni megabaiti 34 na nusu kwa dakika, yaani upande wa dakika 20 unakula karibu megabaiti 690 kabla ya kubanwa. Ukienda 192 unazidisha mara mbili, kisha unahitaji nakala tatu za kila kitu, na hadi diski kwa bei ya Luthuli Avenue hazinunuliwi kwa maneno. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, katika mwongozo wake wa kazi hii kinataka biti 24 na angalau 48 kHz, kikipendelea 96 kwa vitu vya urithi. Hao hukaa na mikanda ya mataifa. Wakiridhika, mimi ni nani?

Programu za kusafisha zinahitaji onyo, na hapa tamasha ni mtihani mgumu kuliko studio. Programu ya kuondoa tik hufanya kazi kwa kubashiri: inaangalia sampuli zilizotangulia, inakisia ijayo, na kitu kikiruka ghafla nje ya makisio inakiona kuwa ni kovu na kukiziba. Sasa fikiria bendi yenye kengele, kongas, fimbo za drams na tarumbeta inayoanza kwa kishindo. Vyote hivyo vinaruka ghafla. Makofi ya watu elfu kadhaa ni nini kwa programu kama si tik elfu kadhaa? Nimeona faili ambazo mtu ameziosha mpaka hadhira inasikika kama mvua kwenye hema la nailoni na Amarfio anapiga ngoma zilizofunikwa blanketi. Zile za kuondoa mchakariko wa chini ni mbaya zaidi, maana pumzi ya ukumbi, ile hewa inayokuambia kuna paa na watu, kwa programu haina tofauti na uchafu.

Kipimo changu ni kimoja. Chukua faili asili, chukua iliyosafishwa, geuza moja juu chini, zijumlishe. Kinachobaki ni kile programu ilichotupa. Sikiliza takataka yako. Ukisikia tik tik tu, sawa. Ukisikia mdundo wa kongas humo ndani, umeiba muziki, legeza. Audacity inafanya hivi bure na inachukua dakika mbili. Mimi kwa tamasha huishia kuziba makovu makubwa kwa mkono, moja moja, na mengine kuyaacha. Ni santuri, si bafu.

Halafu kuna kukata nyimbo. Programu nyingi hutafuta ukimya ili zijue wimbo umeishia wapi. Tamasha halina ukimya. Usikate faili asili kabisa: acha upande mzima kama faili moja ya FLAC na uandike alama za nyimbo pembeni. Ukikata na kugeuza kuwa MP3, kila kipande kinajazwa ili kitimie fremu za sampuli 1,152, na unapata kijishimo cha ukimya katikati ya makofi. Mtu asiyejua kompyuta hatakuambia ni nini, ila atakunja uso.

Kitu kingine ambacho hakuna biti inayokirekebisha ni ndani ya sahani. Santuri ya LP inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika muda wote, lakini ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa karibu sentimita 50 kwa sekunde na karibu na lebo ni kama 20 tu. Muziki ule ule unabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Tamasha kwa kawaida hufunga upande kwa kishindo, pale pale ambapo mfereji una nafasi ndogo. Dawa ni sindano nzuri na katriji iliyopangwa sawasawa. Pesa uliyotaka kuweka kwenye 192, iweke hapo.

Sasa mtaa. Maandishi ya Ulaya juu ya kazi hii yanadhani unaishi kwenye nyumba ya mawe yenye msitu nyuma. Mimi naishi ghorofa ya tatu na nganya zinapita chini. Sindano ni kifaa cha kupima mtetemo, haijui kama mtetemo umetoka kwenye mfereji au kwenye spika za besi za matatu. Nganya ikisimama kubeba abiria, nauona mstari wa 40 Hz ukivimba kwenye skrini. Nimeweka gramafoni juu ya slabu ya njia niliyoinunua kwa fundi wa mawe, na chini ya slabu nimeweka tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo nusu. Inasaidia sana. Kinachosaidia zaidi ni saa. Kati ya saa nane na saa kumi usiku, karakana ya kuchomelea imefungwa, matatu zimelala, kanisa la hapo nyuma halijaanza kesha isipokuwa Ijumaa, na hata stima inakuwa imetulia. Laptopu iache kwenye betri, maana chaja za bei nafuu huingiza mlio wa 50 Hz na marafiki zake wote.

Vumbi letu pia ni la kipekee. Osha kabla ya kucheza mara ya kwanza, usije ukasaga mchanga ndani ya mfereji. Maji yasiyo na madini yanauzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za magari. Hakikisha umechukua maji, si asidi, chupa zinafanana. Tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, suuza, kausha. Spiriti kidogo inaruhusiwa kwenye santuri za vinili. Kwenye zile za zamani za 78 usithubutu, kwa sababu shelaki inayeyuka kwa alkoholi na utabaki na lami.

Nimemsema Osibisa sana, lakini kwa kweli Osibisa hawanihitaji. Nakala yangu ikivunjika kesho dunia haijapoteza kitu. Ziko nyingine nyingi, na tamasha lile lilirekodiwa na kampuni kubwa. Nao ni mazoezi. Kinachoninyima usingizi ni kreti ya soda iliyoletwa kwangu mwezi uliopita kutoka Kaloleni.

Ni ya mzee aliyefariki. Mjane wake anahama, ameambiwa na watoto ahamie kwao kabla mitaa ya zamani haijabomolewa yote. Pangani tayari: nyumba zile za zamani zimeondoka na maghorofa yamesimama. Ndani ya kreti kuna santuri ndogo za 45, nyingi za miaka ya 1970, lebo za Nairobi. Mwanawe mkubwa alisimama mlangoni akaniuliza, "Bro, si hizi zote ziko YouTube?" Nikamwambia tutafute pamoja. Tulikaa saa nzima. Zaidi ya nusu hatukuziona popote, na katika zile tulizoziona, kadhaa zilikuwa zimerekodiwa kwa simu iliyowekwa mbele ya spika. Mama akasema, "Huyo mwenye gitaa la pili kwenye hii ni yeye. Usiniharibie, mwanangu." Nikasema, "Sawa, mama." Santuri ina kovu refu kutoka ukingoni hadi karibu na lebo.

Watu husahau Nairobi ilikuwa nini katika muziki huu. Santuri za Afrika Mashariki zilichapwa hapa. Tanzania haikuwa na kiwanda, bendi zake zilitegemea mashine zetu. Bendi za Kongo kama Super Mazembe na Les Mangelepa zilifanya makao hapa. Vijana wa Matata walitoka hapa wakaenda London wakarekodi kwa President Records. Makampuni yale makubwa yalipoondoka au kufa, mikanda mingi ilikwenda nayo, au ikafutwa, au ikaozea stoo. Soundway ya Uingereza ilipotoa *Kenya Special* mwaka 2013, nyimbo nyingi humo zilikuwa zimewahi kutoka kwenye 45 tu. Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul walifanya kazi kubwa na *Retracing the Benga Rhythm* mwaka 2008. Jimmy Rugami pale Kenyatta Market anajulikana kwa kila mpenzi wa santuri jijini. Ila hao ni wachache, na kreti ziko kila mtaa, chini ya vitanda, kuanzia Bahati hadi Jericho.

Kwa hiyo mtu akiniambia MP3 inatosha, namwuliza: inatosha kwa nani? Kwa kusikiliza ukipika, ndiyo. Mimi mwenyewe husikiliza MP3 ndani ya basi. Lakini programu ya kuziba kovu itakayoandikwa miaka kumi ijayo itataka faili ambayo haijaguswa, na MP3 imeshatupa sehemu kubwa ya kile programu hiyo itakachokihitaji. Kovu la ile 45 ya Kaloleni mimi sijaliziba. Nimenasa jinsi lilivyo, chaneli mbili, ingawa wimbo wenyewe ni wa chaneli moja, kwa sababu kuta mbili za mfereji hazikuharibika sawa na siku moja mtu atachagua ukuta mzima. Nimempa mama nakala ya kusikiliza iliyolainishwa kidogo, kwenye flashi, na nyingine kwenye CD kwa sababu redio yake ni ya CD. Nyimbo zile zilikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili, ile ya magitaa kuchemka, upande wa nyuma. Kwenye nakala yake nimeziunganisha. Kwenye faili asili sijagusa.

Nakala asili nazihifadhi kwa FLAC. Haipotezi hata biti moja, ina hesabu ya MD5 ya sauti ndani ya faili yenyewe, kwa hiyo skripti ya mistari mitano inaniambia kila mwezi kama kuna faili iliyooza, na tangu Desemba 2024 ina hati rasmi ya IETF, RFC 9639. Hata mimi nikifa, mtu anaweza kuandika kisomaji chake kutoka kwenye hati hiyo. Kila santuri ina folda yake: faili ya kila upande, picha ya lebo zote mbili, namba zilizochongwa kwenye ule mduara mtupu karibu na lebo, na faili ya maandishi ya kawaida yenye jina la mwenye santuri, sindano niliyotumia na tarehe. Namba zile za kuchongwa ni dhahabu; lebo huchanika, zenyewe hazifutiki.

Haki? Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inailinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo rekodi ya 1972 ilimaliza muda wake mwisho wa 2022. Mtunzi ni habari nyingine: analindwa maisha yake yote na miaka 50 baadaye. Ndiyo maana siweki chochote hadharani. Naweka nakala kwangu, moja kwa dada yangu Thika, na moja kwa familia yenyewe.

Nimebakiza kama nusu ya kreti, kazi ya usiku nane hivi ikiwa stima haitapotea. Chini kabisa kuna santuri tatu za 78 ambazo sijazigusa, kwa sababu sina sindano yake, na ya LP ni nyembamba mno kwa mfereji ule. Mdau yeyote wa pande za Jogoo Road mwenye sindano ya 78 iliyo nzima, naiomba kwa wikendi moja. Nitaifuata mwenyewe na nitairudisha ikiwa safi.